Mbio Zinanishinda Kwenye Mazoezi ya Kikundi ya Kasi Kubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wapo watu wanaonyanyua vyuma vizito, wanapiga pushapu bila kusita na kuruka kamba dakika nzima, lakini mkufunzi akitamka "mita mia nne, twende!" nguvu zinawaishia kabla hata hawajafika mlangoni. Majibu haya ni yao, na ni ya yeyote anayemaliza kila kipindi akijiuliza kwa nini sehemu ya mbio ndiyo inayomvunja.

Mazoezi mengine yote nayaweza. Kwa nini mbio tu ndizo zinanimaliza?

Kwa sababu mbio hazina mahali pa kujificha. Kwenye skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) au pushapu unaweza kusimama sekunde mbili kati ya moja na nyingine, ukavuta pumzi, ukaendelea, wala hakuna anayeona. Kwenye mbio kila hatua ni mruko mdogo wa mguu mmoja, na mguu unapotua hupokea nguvu ya takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako. Ukikimbia hatua 160 kwa dakika, mguu wa kulia na wa kushoto kila mmoja umepokea kishindo hicho mara 80 ndani ya dakika moja.

Kuna na suala la nishati. Misuli ina akiba ndogo ya haraka ambayo juhudi kubwa huimaliza katika takriban sekunde 10. Baada ya hapo mwili unategemea zaidi na zaidi oksijeni, ila moyo na mapafu huhitaji kama dakika mbili hadi tatu kuufikia mwendo mpya. Ndiyo maana dakika ya kwanza na ya pili ndizo chungu kuliko zote. Mita 400 za mtu anayeanza huisha papo hapo ndani ya dirisha hilo: anakimbia sehemu mbaya tu, anaacha, anapumzika, kisha anairudia tena raundi inayofuata. Hajawahi kufika mahali ambapo pumzi inatulia, na anaamini mahali hapo hapapo.

Nikitoka kwenye skwoti, miguu inakuwa kama ya kuazima. Nifanyeje?

Hilo ni la kawaida. Misuli ya mapaja imechoka na pumzi bado iko juu kutokana na zoezi lililotangulia. Kosa linalofanyika hapo ni kutupa chuma chini na kuchomoka mbio kwa hatua ndefu. Paja lililochoka haliwezi kuubeba mguu mbele kwa hatua ndefu, hivyo unaanza kuburuza nyayo na kuinama kiunoni, na kifua kinabanwa.

Fanya hivi badala yake. Katika skwoti tano za mwisho, punguza kasi na utoe pumzi yote kila unapoinuka. Weka chuma chini, tembea hatua nane hadi kumi ukiwa umenyooka, mikono ikining'inia. Anza kukimbia kwa hatua fupi na za haraka, fupi kiasi cha kuona kama unacheza, kwa sekunde 20 hadi 30. Ukihisi mapaja yanaachia, ndipo urefushe. Hatua zile za kutembea hukugharimu sekunde tano au sita, na kuchomoka vibaya hukugharimu nusu dakika baadaye.

Mpito huu unafunzika. Mara moja kwa wiki, nje ya kipindi, piga skwoti 10 bila uzito kisha kimbia mita 200 polepole, rudia mara nne, ukipumzika dakika moja na nusu kila raundi. Miguu huzoea haraka kuliko unavyodhani.

Nianze kwa kasi gani?

Polepole kuliko unavyotaka. Hili ndilo jibu tunalolirudia kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote, kwa sababu ndani ya kikundi mwili hufuata mgongo wa aliye mbele.

Siku ambayo hujachoka, pima muda wako wa mita 400 ukijitahidi kweli. Tuseme ni dakika 2 na sekunde 10. Katika kipindi chenye raundi nne za mbio na mazoezi mengine katikati, ongeza sehemu ya tano ya muda huo: utapata takriban dakika 2 na sekunde 36, yaani sekunde 39 kwa kila mita 100. Hiyo ndiyo kasi yako ya raundi ya kwanza, hata kama itaonekana nyepesi mno. Anayeikimbia ya kwanza kwa 2:10 kwa kawaida anaikimbia ya nne huku akitembea nusu yake, na jumla ya muda wake inakuwa mbaya zaidi.

Kama huna saa, tumia mdomo. Kwenye mbio nyepesi unaweza kusema sentensi nzima. Kwenye mbio za kipindi unapaswa kuweza kusema maneno matatu au manne kwa mfululizo. Ukibaki na neno moja moja katika raundi ya kwanza, umeshapitiliza.

Saa za mkononi na ile hesabu ya 220 kutoa umri, inayokadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo wako kwa dakika, zinasaidia kiasi, lakini hesabu hiyo inaweza kukosea kwa mapigo 10 na zaidi kwa mtu mmoja mmoja. Ikigongana na pumzi yako, amini pumzi.

Kipindi chetu kinatumia mashine za kukimbilia. Niweke namba gani?

Kwa anayehangaika, mahali pazuri pa kuanzia ni kilomita 5 hadi 5.5 kwa saa kwa kutembea, 7 hadi 7.5 kwa mbio nyepesi, na nyongeza ya kilomita 1 hadi 1.5 tu pale mkufunzi anaposema "ongeza". Mtu mrefu anaweza kukuta 7 bado ni kutembea kwa haraka, na mfupi akakuta ni mbio kamili. Rekebisha kwa nusu kilomita, si kwa kilomita mbili.

Mambo matatu huwaharibia watu kwenye mashine. La kwanza ni kushika vishikio. Ukivishika, mikono inabeba sehemu ya uzito, namba kwenye kioo cha mashine inadanganya, na mgongo unapinda. Kama huwezi kukimbia bila kushika, kasi ni kubwa mno. La pili ni kutazama miguu au kioo. Shingo ikiinama, kifua kinajifunga. Tazama mbele, usawa wa macho. La tatu ni vipindi vifupi sana. Mkanda huchukua sekunde kadhaa kupanda kutoka mwendo wa kutembea hadi wa mbio, kwa hiyo zoezi la sekunde 20 kazi na 10 mapumziko halikai vizuri juu yake. Mfumo huo maarufu unatokana na utafiti wa Izumi Tabata na wenzake uliochapishwa mwaka 1996, na wao walitumia baiskeli. Wengine hujaribu kuuhamishia kwenye mashine kwa kuuacha mkanda ukienda kasi na kurukia kingo za pembeni. Kwa aliyechoka huo ni mwaliko wa kuanguka. Omba baiskeli kwa zoezi hilo.

Na bana kamba ya usalama kwenye nguo. Ipo kwa ajili ya sekunde ile moja ambayo mguu utachelewa.

Je, nikitembea nimeshindwa?

Hapana, na namba zinatetea jibu hili. Kwa fomula zinazotumika kukadiria matumizi ya oksijeni, kutembea kilomita 5.5 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10 kunagharimu takriban sawa na kukimbia kilomita 7.7 kwa saa kwenye tambarare. Moyo unafanya kazi ileile, na magoti hayapokei kishindo kile cha kuruka. Kwa mwenye mwili mzito, au anayerudi baada ya kuumia, hili ni chaguo la kwanza wala si la kujionea haya.

Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, aliwafundisha watu kwa miaka mingi kukimbia na kutembea kwa zamu hata kwenye marathoni. Kiini cha njia hiyo ni kutembea kabla hujalazimika. Kimbia dakika moja, tembea sekunde 30, na uheshimu zamu hiyo tangu mwanzo, hata ukiwa bado na nguvu. Anayengoja hadi pumzi ikatike ndipo atembee anahitaji dakika mbili kurudi. Aliyetembea mapema anahitaji nusu dakika.

Nikiendelea kuhudhuria vipindi tu, nitajifunza kukimbia?

Kwa wengi, hapana, au kwa taabu sana. Kipindi cha kasi kubwa kinakupa mbio ukiwa umechoka, kwa kasi ya wengine, kwa vipande vifupi. Kinachojenga pumzi ya kukimbia ni kinyume chake: mbio za polepole, miguu ikiwa haijachoka, kwa muda mrefu kidogo. Mchakamchaka wa kuzungumza na jirani, kwa lugha nyingine. Usipoupata mahali pengine, unaweza kuhudhuria mwaka mzima na mita 400 zikabaki adui.

Tenga siku mbili kwa wiki, dakika 25 hivi, zisifuatane. Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea 2, mara nane. Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara sita. Wiki ya 5 na 6: kimbia 4, tembea 1, mara tano. Wiki ya 7 na 8: kimbia 8, tembea 1, mara tatu. Baada ya hapo jaribu dakika 25 mfululizo. Wiki ikikushinda, irudie. Hakuna aliyekuwekea tarehe. Kila siku ya mbio hizi, tembea dakika tano kwanza kabla ya kuanza.

Kama unahudhuria vipindi vinne au vitano kwa wiki, toa kimoja uweke mbio hizi. Usirundike juu. Ugoko na kano ya kisigino hukomaa taratibu kuliko moyo na mapafu, na wengi huumia wiki ya tatu au ya nne, pale pumzi inapoanza kuwa nzuri na mifupa bado haijajiandaa.

Mpango huu ukishindikana, mara nyingi sababu ni moja: ile dakika ya kukimbia inakimbiwa kwa kasi ya kipindi. Mbio za polepole zinatakiwa kuwa za polepole kiasi cha kukuchosha uvumilivu. Kama anayetembea kwa haraka anakaribia kukupita, uko sawa.

Je, namna yangu ya kukimbia ndiyo tatizo?

Mara nyingine. Kitu kimoja kinachopimika na kurekebishika bila mtaalamu ni idadi ya hatua. Kimbia kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa nne. Ukihesabu 38, hiyo ni hatua 152 kwa dakika. Ongeza asilimia 5 tu bila kuongeza kasi: mguu wa kulia uguse mara 40, yaani hatua 160. Hatua inakuwa fupi, mguu unatua karibu na chini ya nyonga badala ya mbele yake, na mzigo kwenye goti na nyonga unapungua. Programu ya simu inayogonga mdundo itakusaidia siku za kwanza. Usilazimishe 180 kwa sababu umesikia ndiyo namba ya mabingwa. Hatua hubadilika kwa kasi na urefu wa mtu.

Sikiliza pia mlio. Nyayo zinazopiga "pa! pa! pa!" zinakuambia unatua kwa uzito, kwa kawaida kisigino kikiwa mbali mbele. Mwendo mzuri unasikika kama mkwaruzo mfupi. Mabega yashuke, ngumi zilegee, viwiko virudi nyuma badala ya kukatiza mbele ya kifua.

Kutua kwa vidole kwa makusudi hatushauri. Kunahamisha mzigo kutoka goti kwenda kwenye kigimbi na kano ya kisigino, na vyote viwili vitalalamika ndani ya siku chache.

Nipumue kwa pua au kwa mdomo?

Vyote. Kwa kasi ya kipindi pua peke yake haitoshi, acha mdomo wazi. Kinachosaidia zaidi ni kutoa pumzi yote. Anayetweta juu juu anajaza hewa mpya juu ya ile ambayo hajaitoa.

Kichomi cha ubavuni kinanikata kila mara.

Angalia kwanza ulichokula na lini. Mlo mkubwa uache saa mbili hadi tatu kabla, na vinywaji vyenye sukari nyingi, juisi ikiwemo, ni wachokozi wakubwa. Kikikubana katikati ya mbio, punguza mwendo, bonyeza kwa vidole mahali panapouma, inama kidogo mbele na utoe pumzi kwa nguvu kupitia midomo iliyokunjwa, mara tano au sita. Kwa kawaida kinaachia. Kuongeza kasi ili kukikimbia hakufai.

Baada ya mbio nakohoa na kifua kinabana. Ni ukosefu wa mazoezi?

Huenda sivyo. Kukohoa, pumzi kutoa mlio kama wa filimbi na kubanwa kifua kunakoanza wakati wa zoezi au dakika chache baada ya kuacha kunaweza kuwa njia za hewa kusinyaa kutokana na mazoezi, hata kwa mtu asiye na historia ya pumu. Hewa baridi na kavu huzidisha. Mwone daktari, akithibitisha, kuna dawa ya kuvuta inayotumika dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi. Kupasha mwili moto kwa dakika 10, ukichanganya vipande vifupi vya kasi, nako kunapunguza.

Mwingine wa kumfikiria ni upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito. Kama unahema kwenye ngazi na uchovu hauondoki hata ukilala vizuri, kipimo cha damu kitakusaidia kuliko kipindi kingine.

Ugoko unauma. Niendelee?

Inategemea unaumaje. Maumivu yaliyotandaa kwenye ukingo wa ndani wa ugoko, urefu wa vidole kadhaa, yanayopungua ukishapata joto, kwa kawaida ni mzigo ulioongezeka haraka. Kata mbio kwa nusu, hamia kwenye baiskeli au mwinuko wa kutembea, na uimarishe vigimbi: simama kwenye ngazi, inuka kwa vidole, shuka taratibu kwa sekunde tatu, mara 15, seti tatu, siku moja kazi siku moja mapumziko.

Ila kama ukibonyeza kwa kidole unapata nukta moja yenye maumivu makali, au panauma ukiwa umelala, acha kabisa kukimbia na kuruka hadi upimwe. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa, nao haufanyiwi ujasiri.

Naweza kubadilisha mbio na kitu gani?

Linganisha muda badala ya umbali. Kama mita 400 hukuchukua dakika mbili na nusu, piga makasia ya mashine au endesha baiskeli dakika mbili na nusu kwa juhudi ileile ya pumzi. Vituo vingi hutumia mita 500 za makasia badala ya mita 400 za mbio. Ni makadirio yanayokubalika, ingawa anayepiga makasia vibaya atakaa hapo muda mrefu zaidi. Kuruka kamba usikuchague kama tatizo lako ni ugoko au kisigino, maana kishindo ni kilekile.

Viatu vya kunyanyulia uzito vinafaa?

Vile vyenye soli ngumu na kisigino kilichoinuliwa, hapana. Kwa kipindi chenye kila kitu, chagua kiatu cha mazoezi kinachopinda mbele na chenye mto wa wastani. Mbio zikizidi kilomita mbili au tatu kwa kipindi, vaa vya kukimbilia. Vibadilishe baada ya kilomita 500 hadi 800, au mapema zaidi ukiona soli imelika upande mmoja.

Nikikimbia au kuruka, mkojo unachuruzika. Naona aibu kuuliza.

Uliza, kwa sababu linatibika na ni la wengi, hasa waliojifungua. Misuli ya sakafu ya nyonga inazidiwa na kishindo. Mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kuipima na kukufundisha kuikaza na kuiachia ipasavyo. Wengi huikaza tu bila kuiachia. Baada ya kujifungua, subiri walau wiki 12 kabla ya kurudi kwenye mbio, na hata hapo kama hakuna uzito unaouhisi ukishuka chini wala kuchuruzika. Kwenda chooni mara tano kabla ya kipindi ni kuficha tatizo tu.

Kila mara mimi ndiye wa mwisho, na wote wananisubiri.

Zungumza na mkufunzi kabla kipindi hakijaanza, si katikati. Mwambie hivi: "Leo mbio nitafanya mita 250, mkifanya 400." Kwa hesabu hiyo utarudi karibu wakati mmoja na wenzako na utafanya mazoezi mengine pamoja nao. Mkufunzi anayejua kazi yake atakubali mara moja. Anayekulazimisha umbali kamili mbele ya watu hakusaidii, na una haki ya kukataa.

Ni lini nisimame papo hapo?

Maumivu au mgandamizo kifuani, hasa ukielekea kwenye taya au mkono. Kizunguzungu cha kutaka kuzimia. Mapigo ya moyo yanayorukaruka bila mpangilio. Pumzi isiyotulia dakika kumi baada ya kuacha. Tafuta msaada wa haraka. Na kama siku moja hadi tatu baada ya kipindi kikali mkojo unatoka rangi ya chai nzito huku misuli ikiwa imevimba, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa misuli iliyovunjika inaweza kudhuru figo.

Nitajuaje kama naendelea?

Usipime kwa jinsi unavyojisikia mwisho wa kipindi. Mkufunzi mzuri atahakikisha unachoka siku zote. Kila baada ya wiki nne, siku ambayo hujachoka, kimbia mita 400 mara nne, mapumziko dakika mbili kila moja, na uandike muda wa kila raundi. Tazama tofauti kati ya ya kwanza na ya nne. Ikishuka kutoka sekunde 40 hadi 10, umejifunza kukimbia, hata kama raundi yenyewe ya kwanza haijawa ya kasi zaidi. Kasi huja baada ya hapo, kwa kawaida kuanzia mwezi wa tatu wa mazoezi.